Kabla Hujamtajia Mteja Bei ya Tairi, Muulize Anapita Wapi na Anabeba Nini



Leo naongea na ninyi mnaouza matairi mtandaoni, hasa ya pikapu na magari ya juu: Hilux, Ranger, Prado, RAV4, Harrier, Land Cruiser mkonga na ndugu zake. Hii ni biashara nzuri maana seti moja ya matairi manne ni hela ya kueleweka. Lakini pia ni biashara ambayo ukikosea, mteja hakosi kitu kidogo kama gauni lisilomtosha. Anaweza kukosa mguu. Kwa hiyo nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mimi duka langu liko Arusha. Sikusomea matairi popote. Nilimaliza fomu foo, nikakaa kwa fundi wa pancha mwaka mmoja, halafu nikaanza kupiga picha matairi ya duka la jumla na kuyatangaza kwenye WhatsApp. Masika moja akanitafuta mzee wa Karatu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Kijana, una 265/65/17 A/T?" Nikamjibu ndani ya dakika mbili: "Shikamoo mzee. Ipo, bei hii, unatuma leo unapokea kesho." Akatuma hela kwa simu, nikafunga mzigo, nikaupakia kwenye basi. Siku ile nilijiona mfanyabiashara kweli.

Wiki ya tatu akapiga. Tairi la nyuma limechanika ubavuni. Nikamwambia pole mzee, hayo ni mawe, bahati mbaya. Siku kumi baadaye akapiga tena, usiku. Lingine limepasuka kwenye mteremko akitoka Mang'ola na vitunguu. Gari limeingia mtaroni, magunia yamemwagika, na kijana wake aliyekuwa amekaa juu ya mzigo amevunjika mfupa wa bega. Nikaanza kujitetea: "Lakini mzee, uliniambia A/T, na mimi nikakupa A/T." Akanyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: "Ni kweli. Ila hukuniuliza nabeba nini."

Hakutukana. Na alichosema kilikuwa kweli. Yale matairi yalikuwa A/T halisi, mapya, size sahihi. Ila yalikuwa yametengenezwa kwa gari la familia linaloenda shamba mara moja moja, siyo kwa Hilux inayobeba lumbesa za vitunguu juu ya mawe kila siku ya mavuno. Ningeuliza swali moja tu, yule kijana asingevunjika.

Tangu siku hiyo sitaji bei kabla sijauliza. Hiki ninachoandika hapa ndicho nilichojifunza baada ya hapo. Kisome taratibu, kihifadhi, kitakusaidia.

HERUFI ZA UBAVUNI ZINASEMA NINI

Matairi ya magari ya juu yako kwenye makundi matatu makubwa, na kwa kawaida utakuta herufi zake zimeandikwa ubavuni au kwenye jina la tairi.

H/T ni tairi la barabara kuu. Kashata zake, yaani yale meno ya juu, zimekaribiana na mifereji yake ni myembamba. Halipigi kelele, linashika vizuri kwenye lami yenye maji, linaenda mbali kabla ya kuisha na halili mafuta sana. Prado na RAV4 nyingi za mjini zinatakiwa kuvaa hili.

A/T ni tairi la ardhi zote. Kashata zake zimeachana zaidi, na mara nyingi zinashuka hadi kwenye mabega ya tairi. Linapita kwenye changarawe, vumbi, rasta, mchanga kiasi na tope la wastani, na bado linaenda kwenye lami bila shida. Lakini kila kitu kina gharama yake: linavuma zaidi kwenye lami, mara nyingi ni zito zaidi, linakula mafuta kidogo zaidi, na kwenye lami yenye maji mara nyingi halisimami upesi kama H/T nzuri.

M/T ni tairi la matope. Kashata ni kama vidole, nafasi kati yake ni kubwa ili tope lidondoke. Kwenye lami linalia njia nzima na linaisha haraka. Usimuuzie mtu wa mjini kwa sababu tu amependa sura yake.

Na hapa ndipo wengi tunapoharibu. Wateja wanapenda tairi "la kibabe". Kuna dada mmoja alikuja na RAV4 yake, nyumbani Njiro, kazini mjini, kote lami. Alikuwa ameona picha ya A/T yenye herufi nyeupe ubavuni, akataka hizo hizo. Nikamuuzia, hela ni hela. Baada ya wiki mbili akanitumia sauti: "Kaka, gari langu linalia kama ndege, na mafuta siyaelewi." Alikuwa amenunua kitu kizuri kisichomhusu. Kama ningemwambia mapema, angechukua H/T ya bei nafuu na angenisifia kwa wenzake.

"MISIMU YOTE" NI MISIMU YA NANI?

Kuna neno lingine utalikuta kwenye maelezo ya matairi haya: tairi la misimu yote. Hapa ni lazima uelewe kabla hujaliweka kwenye tangazo lako.

Neno hili lilikuja kutoka nchi zenye theluji. Kule watu wana matairi ya kiangazi na matairi ya baridi, wanabadilisha kila mwaka. Tairi la misimu yote ni la yule asiyetaka kubadilisha: linavumilia joto na linavumilia theluji kidogo. Ndiyo maana ubavuni utaona M+S, ambayo maana yake ni matope na theluji.

Sasa sikiliza vizuri. Alama ya M+S peke yake inawekwa na mtengenezaji kwa kuangalia mpangilio wa kashata na mifereji. Siyo cheti cha kwamba tairi limepimwa kwenye matope. Kuna H/T nyingi laini kabisa zimeandikwa M+S. Nimeona muuzaji mwenzetu ameandika "tairi la matope, angalia lina M+S". Mteja wake akienda nalo kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi wakati wa masika, ile mifereji myembamba itajaa tope ndani ya mita chache, na tairi litakuwa kama andazi limepakwa mafuta. Halafu atamtafuta aliyemuuzia.

Kuna na alama nyingine, mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Hiyo ndiyo inayoonyesha tairi limepimwa kwenye theluji na kufaulu. Ni alama nzuri kwa mtu wa Ujerumani au Canada. Mteja wa Babati hana haja ya kulipia zaidi kwa ajili yake. Ikiwepo, sawa. Isipokuwepo, hajakosa kitu.

Misimu yetu sisi ni masika, vuli na kiangazi. Kwa hiyo mteja akikuuliza tairi la misimu yote, mtafsirie hivi: wakati wa masika anapita wapi? Wakati wa kiangazi anapita wapi? Kama njia yake ni lami mwaka mzima, mpe H/T yenye mifereji mizuri ya kutoa maji, hiyo ndiyo misimu yote yake. Kama njia yake ni vumbi na rasta wakati wa kiangazi halafu tope wakati wa masika, misimu yote yake ni A/T. Chukua gari za watalii: kutoka Arusha hadi geti la Ngorongoro ni lami, lakini ukiingia ndani kuelekea Serengeti ni changarawe na rasta, na mvua ikinyesha kuna sehemu udongo unakuwa gundi. Siku moja gari linapita kote huko. Ndiyo kazi halisi ya A/T.

UZITO: NAMBA NILIYOIPUUZA MIMI

Turudi kwa mzee wa Karatu. Baada ya size, ubavuni kuna namba na herufi. Mfano: 265/65R17 112S.

265 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, asilimia 65 ya ule upana. R ni aina ya ufumaji wa nyuzi za ndani. 17 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Hayo wengi tunayajua.

112 ndiyo uzito. Siyo kilo 112, ni namba ya kwenye jedwali. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. Nyingine za kukumbuka: 100 ni kilo 800, 104 ni kilo 900, 108 ni kilo 1,000, 116 ni kilo 1,250, 120 ni kilo 1,400, 121 ni kilo 1,450. Herufi ya mwisho ni mwendo wa juu: Q ni kilomita 160 kwa saa, S ni 180, T ni 190, H ni 210.

Sasa, size hiyo hiyo ya 265/65R17 inapatikana pia ikiwa imeanza na herufi LT, na uzito umeandikwa 120/117. Hilo ni tairi la gari la kazi. Namba ya kwanza ni ya gurudumu moja kila upande, ya pili ni pale matairi yanapofungwa mawili mawili. Utaona pia herufi ya nguvu ya mwili wake: C ni sawa na plai 6, D ni plai 8, E ni plai 10. Siku hizi haina maana kwamba ndani kuna matabaka 10 kweli, ni kipimo cha nguvu tu. Lakini mwili wake ni mgumu kuliko wa lile la kawaida, na mara nyingi ubavu pia unavumilia mawe zaidi. Mzee wangu alihitaji hili. Nilimpa lile la 112.

Na usiishie hapo, kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalisemi. LT haina nguvu za bure, nguvu zake ziko kwenye upepo. Ukijaza LT upepo ule ule wa psi 32 au 35 kama tairi la kawaida, inabeba kilo chache kuliko tairi la kawaida. Ili ibebe ule mzigo wake, inataka upepo mwingi zaidi. Ya plai 10 inaweza kwenda hadi psi 80. Kwa hiyo ukimuuzia mtu LT, mwandikie: "Ukipakia, ongeza upepo. Muulize fundi kiwango kulingana na mzigo wako, na usizidishe kilichoandikwa ubavuni." Ukinyamaza, atatembea na upepo mdogo, tairi litapata joto, litapasuka, na wewe utasema ni bahati mbaya kama nilivyosema mimi.

Upande wa pili pia upo. Usimuuzie LT ya plai 10 mtu wa Prado anayepeleka watoto shule. Gari litakuwa gumu, kila shimo atalisikia kiunoni, na hajapata faida yoyote.

Neno moja la mwisho kuhusu mzigo: hakuna tairi linalorekebisha gari lililozidishwa. Hata LT ina kikomo, na gari lenyewe lina kikomo. Mteja akikuambia anabeba tani mbili kwenye pikapu ya tani moja, mwambie ukweli kwamba huna tairi la kazi hiyo.

SIZE: USIBADILISHE KWA MACHO

Mteja anaweza kukuambia nataka kubwa kidogo, gari likae juu. Piga hesabu kwanza. 265/65R17 ina kimo cha karibu milimita 776. 265/70R17 ina karibu milimita 803. Tofauti ni kama asilimia 3 na nusu. Maana yake spidi ikisoma 100, gari linakimbia karibu 103 na nusu, na tairi linaweza kugusa matao ukikata kona. Wengi wa mafundi wanashauri usizidi asilimia 3.

Lakini angalia 265/70R16: kimo chake ni karibu milimita 777. Karibu sawa kabisa na 265/65R17. Kwa hiyo mtu mwenye rimu za 16 na mtu mwenye rimu za 17 wanaweza kuwa na tairi za kimo kimoja, ila haziingiliani rimu. Ndiyo maana usikubali kamwe jibu la "ni Hilux" au "ni Prado". Mwambie apige picha ubavu wa tairi alilonalo, na stika iliyopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Stika ndiyo inayosema kiwanda kilipanga nini. Tairi alilonalo linaweza kuwa lilibadilishwa na mwenye gari wa kwanza.

MAGARI YANAYOSUKUMA MIGUU YOTE

Prado nyingi zinazungusha magurudumu yote manne muda wote, na RAV4 nyingi zinafanya hivyo zenyewe pale tairi likiteleza. Gari za namna hii hazitaki matairi yenye vimo tofauti. Ukimuuzia mteja mawili mapya ya A/T mbele wakati nyuma ana vipara vya H/T, magurudumu yatazunguka kwa mizunguko tofauti, na difu au mfumo unaogawa nguvu unaumia kidogo kidogo. Tairi ulilomuuzia litakuwa zima, gari litakuwa linakwenda gereji.

Ushauri wangu: gari za namna hii uza manne, ya aina moja. Kama hana hela ya manne leo, mwambie ukweli, panga naye alipe kidogo kidogo. Na mkumbushe la akiba: kama spea ni ya kimo tofauti, ni ya kufikia kwa fundi tu, siyo ya kusafiria.

TAREHE YA KUZALIWA

Tafuta herufi DOT ubavuni, angalia namba nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine upande mmoja hauna hizo namba nne, geuza tairi uangalie upande wa pili.

Mpira unazeeka hata ukiwa dukani haujagusa barabara. Kampuni kama Michelin inashauri tairi likishatumika miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu kutengenezwa litolewe hata kama kashata bado zipo. Kwa hiyo tairi "jipya" la miaka 7 siyo jipya. Ukiwa unanunua kwa jumla na muuzaji anakupunguzia bei ghafla, geuza tairi usome kwanza.

Na wewe mwenyewe usiyazeeshe. Najua tunapenda kuyapanga nje ili wapita njia waone. Jua linayakausha, yanaanza nyufa ndogo ndogo. Weka ndani, mbali na mafuta na petroli, na usiyapange karibu na mtu anayechomelea vyuma, maana hewa inayotoka pale inakula mpira. Nje weka moja la maonyesho tu.

MATAIRI YALIYOKUJA NA GARI KUTOKA JAPANI

Magari mengi yetu yanatoka Japani yametumika, na mengine yanafika yamevaa matairi ya baridi. Wenye magari wanayavua na kuyauza, na yanaonekana mazuri: kashata bado ndefu, mpira mlaini, jina kubwa. Wengine wanayatangaza kama A/T.

Angalia ubavuni. Ukikuta neno STUDLESS, au majina kama Blizzak, iceGUARD au Winter Maxx, hayo ni ya barafu. Mpira wake umetengenezwa ubaki mlaini kwenye baridi kali. Kwenye joto letu unakuwa laini kupita kiasi, unaisha haraka, na gari linayumba ukifunga breki au kukata kona kwa mwendo. Yana vijimstari vingi vyembamba juu ya kila kashata, kama yamekatwa na wembe. Ukishayajua huwezi kuyasahau.

Na kama una wazo la kuagiza matairi yaliyotumika kutoka nje, acha. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeyaweka matairi yaliyotumika ya magari madogo na ya mizigo midogo kwenye orodha ya bidhaa zilizokatazwa kuingizwa. Mtaji wako utaishia bandarini.

TANGAZO LAKO LIWEJE

Wengi wetu tunaweka picha moja ya tairi limesimama na maneno "A/T original, bei inbox". Hiyo haimsaidii mteja na inakuletea maswali ya watu wasionunua. Mimi naweka picha nne: kashata kwa mbele, ubavu wenye size na uzito, ubavu wenye tarehe, na tairi zima. Halafu naandika hivi:

"265/65R17 112S, A/T, ya kawaida siyo LT. Imetengenezwa wiki ya 40 mwaka 2024. Inafaa Prado, Hilux au Ranger yenye size hii inayopita lami na vumbi bila mzigo mzito. Kama unabeba mizigo, niulize ya LT. Bei ni ya tairi moja, kufunga na balansi ni juu yako. Ikishafungwa kwenye rimu hairudi, kwa hiyo nitumie picha ya tairi lako kwanza."

Ona, nimetaja na ambaye halimfai. Mwanzoni niliogopa nitapoteza wateja. Kilichotokea ni kwamba wanaouliza wamepungua, wanaonunua wameongezeka, na wanaorudisha karibu hawapo.

Ukituma kwa basi, usilifunge tairi kwa waya mwembamba kwenye ule mdomo unaokaa kwenye rimu. Ukikatika pale au kupinda, halitashika upepo. Andika jina na namba ya mteja kwa rangi ya kufutika, piga picha kabla ya kupakia.

MASWALI MANNE KABLA YA BEI

Haya nimeyahifadhi kwenye simu, mteja akisema habari namtumia baada ya salamu:

1. Gari gani, na nitumie picha ya ubavu wa tairi ulilonalo pamoja na stika ya mlangoni.
2. Unapita njia gani zaidi? Nitajie kutoka wapi hadi wapi, wakati wa masika na kiangazi.
3. Unabeba nini, na watu wangapi?
4. Unabadilisha mangapi, na yanayobaki yako hali gani?

Swali la pili usikubali jibu la "njia zote". Kila mtu anasema njia zote. Ukimwambia ataje, utakuta ni lami miezi 11 na kwenda kijijini Desemba.

Bajeti naiuliza mwishoni, na hapo nampigia hesabu. Tuseme tairi la 300,000 linamchukua kilomita 30,000. Hiyo ni shilingi 10 kila kilomita. La 450,000 likimchukua kilomita 60,000 ni shilingi 7 na nusu. La bei kubwa ndiyo nafuu kwake. Lakini kama gari lake linatembea kidogo sana, tairi litazeeka kabla halijaisha, na hapo la bei ya kati linamtosha. Mwambie yote mawili, achague mwenyewe.

MWISHO WA ILE HABARI

Yule mzee nilimfuata Karatu. Nikayachukua yale mawili yaliyobaki, nikampelekea manne ya LT kwa bei niliyonunulia mimi, na nikachangia matibabu ya yule kijana. Faida yangu ya karibu miezi miwili iliondoka. Bega lilipona, ila kwa msimu ule wote wa vitunguu hakubeba gunia, na kwao yeye ndiye aliyekuwa anategemewa.

Mzee bado ni mteja wangu. Ameniletea na wenzake wa Mang'ola, na kila akimleta mtu anamwambia, "Huyu atakuuliza maswali mengi, mjibu tu."

Kuna wateja watakaokasirika ukiwauliza. Watasema "wewe niambie bei, mbona maneno mengi". Jibu kwa upole, uliza tena. Akikataa kabisa kukuambia anabeba nini, mwache aende kwa mwingine. Utakosa hela ya siku moja, lakini simu ya usiku ukaipokea na kusikia gari liko mtaroni, hiyo hela hutaitamani.

Kama una muuzaji mwenzako wa matairi, mtumie asome. Na kama kuna tairi umeshika mkononi na hujaelewa maandishi yake, piga picha ubavu wake uniwekee hapa chini, tulisome pamoja.

Biashara njema.